Paji la Uso na Macho ya Mpita Njia

Mwaka 1982, mjini San Francisco, daktari wa upasuaji Darrell Pratt alimpelekea mwenzake Douglas Ousterhout ombi la mgonjwa wake. Mgonjwa huyo alikuwa mwanamke aliyebadili jinsia. Upasuaji wa viungo vya uzazi alikwishafanyiwa, lakini watu waliokutana naye waliendelea kumchukulia kama mwanamume. Alitaka kutengenezwa uso. Ousterhout alikuwa bingwa wa mifupa ya fuvu na uso, fani iliyoasisiwa na Mfaransa Paul Tessier, na alizoea kuwahudumia watoto waliozaliwa na kasoro katika mifupa hiyo. Kukata mfupa, kuusogeza na kuufunga mahali papya alikujua. Swali aliloletewa lilikuwa la namna nyingine: ni kitu gani katika mfupa kinachomfanya mtu anayekutazama aseme moyoni, kabla hajafikiri, kwamba huyu ni mwanamke?

Jibu alikwenda kulitafuta kwa wafu. Wanaanthropolojia walikuwa na desturi ya miaka mingi ya kutambua jinsia ya mifupa iliyofukuliwa kwa kuangalia fuvu: ukingo ulio juu ya macho, pembe za taya, upana wa kidevu. Ousterhout alizisoma kazi zao, akapima mafuvu yaliyohifadhiwa katika chuo cha udaktari wa meno mjini humo, na mwaka 1987 akachapisha makala kuhusu jinsi ya kulipa paji la uso umbo la kike. Elimu iliyotumika kuwatambua marehemu ikawa mwongozo wa kuwahudumia walio hai.

Mtoto wa kiume na wa kike huingia balehe wakiwa na nyuso zinazokaribiana sana. Kisha, kwa wa kiume, homoni ya testosteroni hufanya kazi yake kwa miaka kadhaa. Mfupa wa juu ya nyusi hutokeza kama tuta, pua hukua, pembe za taya hupanuka, kidevu hurefuka na kuwa cha mraba, kongomeo hujitokeza shingoni, na baadaye nywele huanza kurudi nyuma kwenye pembe za paji. Mwanamke anayeanza kutumia estrojeni akiwa mtu mzima huona ngozi ikilainika na mafuta ya mashavuni yakihama, lakini mfupa uliokwisha kujengeka haurudi. Hapo ndipo kisu kinapoingia.

Mkato hupita utosini kutoka upande wa sikio moja hadi la pili, ndani ya nywele au kwenye mpaka wake, na ngozi ya paji hukunjwa mbele mpaka machoni. Nyuma ya tuta la mfupa kuna uwazi wenye hewa, na ukuta wake wa mbele mara nyingi ni mwembamba mno kusagwa tu, ungetoboka. Kwa hiyo kipande kizima hukatwa, hutengenezwa upya mezani, kisha hurudishwa kikiwa kimesogezwa ndani na kufungwa kwa waya au vibati vidogo vya titani. Kingo za mashimo ya macho husagwa ili macho yapate nafasi na mwanga. Mpaka wa nywele huweza kushushwa. Taya na kidevu hufikiwa kupitia ndani ya mdomo, ili kovu lisionekane, na kongomeo hupunguzwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu nyuzi za sauti zimejishikiza papo hapo. Kazi nzima yaweza kuchukua zaidi ya saa nane. Mgonjwa huamka akiwa amevimba hata ndugu zake hawamtambui, kichwa hukaa na ganzi kwa miezi, na kuna hatari ya kujeruhi mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini na kidevu. Umbo la mwisho huonekana baada ya mwaka hivi. Hakuna anayeyapitia hayo kwa kujifurahisha, na mtu anayeuita upasuaji huu urembo mtupu angefaa kwanza ausome ukurasa wa hatari zake.

Eric Plemons, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti ndani ya kliniki za upasuaji huu na kutoa kitabu mwaka 2017, aliona jambo ambalo nami nimelishika kama ufunguo. Tiba ya kubadili jinsia katika karne ya 20 iliweka jinsia ya mtu mahali pasipoonekana, chini ya nguo. Upasuaji wa uso uliihamisha na kuiweka palipo wazi kwa kila mtu, kwa karani, kwa kondakta, kwa mtoto anayechungulia dirishani. Kiungo cha siri ni habari ya mtu na mwili wake, na ya yule atakayelala naye. Uso hauna siri. Kwa wanawake wanaoutafuta upasuaji huu, kuwa mwanamke ni jambo linalotokea baina ya watu wawili, na mmoja wao ni mgeni ambaye hawatakutana tena.

Nasema mgeni kwa makusudi, kwa sababu nikiuweka upasuaji huu kando ya mapokeo mengine ya watu waliozaliwa wakahesabiwa wanaume kisha wakaishi maisha ya namna nyingine, tofauti kubwa ninayoiona ni kujulikana. San Francisco ilizaa upasuaji wa kumwezesha mtu apite bila kujulikana. Karibu mapokeo yote ya zamani ninayoyafahamu yanasimama juu ya kujulikana.

Chukua mahijra wa India, Pakistan na Bangladesh. Wanaishi katika nyumba zao chini ya guru, na wafuasi wake huitwa chela. Hufika penye harusi na penye mtoto mchanga, wakaimba, wakacheza, wakapiga yale makofi yao ya viganja vilivyotandazwa, wakabariki na kulipwa. Baadhi yao wamekatwa viungo vya kiume katika upasuaji wa kimila uitwao nirvan. Na uso? Gayatri Reddy, aliyefanya utafiti Hyderabad na kuchapisha kitabu mwaka 2005, anaeleza jinsi mahijra wanavyothamini kibano: ndevu hung'olewa unywele mmoja mmoja, na kutumia wembe huonwa kuwa ni upungufu. Ni kazi ya subira na maumivu. Huvaa sari, hujipaka wanja, hutoga pua. Lakini mfupa wa paji na taya huachwa ulivyo, na wala si kwa kukosa ufundi tu. Hijra hatafuti kuonekana mwanamke wa kawaida. Baraka yake ina nguvu kwa sababu kila aliyepo pale harusini anajua ni nani aliyeingia. Mpe uso usiotofautishwa na wa shangazi wa bwana harusi, na riziki yake imekatika.

Watu wanaoipenda habari hii hupenda kuimalizia hapo, wakisema kwamba Mashariki ilikuwa na nafasi ambayo Magharibi haikuwa nayo. Mimi sikubali kuimalizia hapo. Mwaka 1871 serikali ya Waingereza nchini India ilipitisha Sheria ya Makabila ya Wahalifu, na sehemu yake ya pili iliwalenga watu hao, ikiwaita matowashi. Iliagiza waandikwe kwenye daftari la polisi, na ikafanya kosa kwa aliyeandikwa kuonekana hadharani amevaa mavazi ya kike. Daftari liliwezekana kwa sababu walijulikana. Polisi hakuhitaji kupekua. Alihitaji kuuliza mtaani tu. Nafasi iliyokuwa heshima mbele ya mtoto mchanga iligeuka kuwa anwani ya kukamatiwa. Na hata Mahakama ya Juu ya India ilipowatambua rasmi mwaka 2014 kuwa wana haki ya kuitwa jinsia ya tatu, ilibaki kazi ya kuwashawishi wenye nyumba za kupanga.

Kwa msomaji wa pwani yetu, mfano wa Oman una uzito wake. Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norwei, alifanya utafiti Sohar katika miaka ya 1970, na mwaka 1977 akaandika makala kuhusu watu wanaoitwa khanith. Aliyoyaeleza ni mpangilio wa makini wa mavazi na uso. Mwanamume alivaa kanzu nyeupe na nywele fupi zilizochanwa kurudi nyuma. Mwanamke aliacha nywele ndefu zilizogawanywa katikati, na mbele ya wanaume wasio wa kwao alivaa barakoa, kama zile walizovaa wanawake wa nyumba za kitajiri Unguja katika karne ya 19. Khanith alikaa katikati kwa kila kipimo. Kanzu yake ilikuwa ndefu kama ya kiume, ila imebana kiunoni na ina rangi nyororo. Nywele zake za urefu wa wastani, zimegawanywa upande. Aliketi na wanawake, akala nao, akaimba nao harusini, na aliruhusiwa kuuona uso wa bibi harusi ambao wanaume wengine hawakuuona. Mbele ya sheria na msikitini alihesabiwa mwanamume. Na barakoa hakuruhusiwa kuivaa.

Katazo hilo limenikaa kichwani kuliko mengine yote. Wikan anasema waliojaribu kutoka wakiwa wamevaa kike kikamilifu walifungwa na kuchapwa viboko. Katika mji ambamo mwanamke mbele ya wageni hutambuliwa kwa uso uliofunikwa, khanith alitakiwa abaki uso wazi, asomeke na kila mtu. Alipewa nafasi kwa sharti kwamba asichanganywe kamwe na mwanamke. Gill Shepherd, Mwingereza aliyekuwa amefanya utafiti Mombasa, alimjibu Wikan mwaka 1978 katika jarida lililochapisha makala hiyo, akihoji kama inafaa hata kidogo kuwahesabu watu hao miongoni mwa waliobadili jinsia, na akivuta macho kwenye mali na cheo. Onyo lake linanihusu mimi pia katika makala hii. Khanith angeweza kuoa na kurejea kuhesabiwa mwanamume kamili. Mgonjwa wa Ousterhout hakuwa na njia kama hiyo, wala hakuitaka. Siwaweki kando kwa kando kwa kudai kwamba ni watu wa aina moja. Ninachokilinganisha ni kile ambacho jamii mbili zilikidai kutoka kwenye uso.

Onyo hilohilo lahitajika nikigusa jukwaa la Japani, maana mwigizaji wa kiume anayecheza wanawake katika kabuki si mwanamke aliyebadili jinsia. Lakini paji la uso limetokea tena huko kwa namna ya ajabu. Wanawake walikatazwa jukwaani mwaka 1629. Vijana wa kiume waliochukua nafasi zao nao wakakatazwa mwaka 1652, na waliobaki wakalazimishwa kunyoa nywele za mbele kama watu wazima, ili wasivutie. Waigizaji wakalifunika paji lililonyolewa kwa kitambaa cha zambarau, na kitambaa chenyewe kikawa alama ya uzuri. Yoshizawa Ayame, aliyefariki mwaka 1729, alifundisha kwamba mwigizaji wa namna hiyo anapaswa kuishi kike hata nje ya jukwaa: namna ya kula, ya kuketi, ya kuona haya. Kwa Ayame mwanamke alikuwa katika mazoea ya mwili, na mtazamaji aliyelipa kiingilio alikuwa mshirika. Yeye na mwigizaji walikubaliana kabla pazia halijafunguliwa.

Mpita njia hajakubaliana na mtu yeyote. Hicho ndicho kinachoupa upasuaji wa uso uzito wake, na ndicho kinachonifanya nisiwaone mahijra na khanith kuwa jawabu la kumpa mwanamke anayeishi leo Chicago, Mumbai au Nairobi. Katika mji wa watu milioni kadhaa hakuna guru wa kukutambulisha, na kujulikana hukuletea matusi kituoni na kipigo gizani. Mwanamke huyo haombi nafasi ya pekee iliyozungushiwa uzio. Anaomba kununua nyanya na kurudi nyumbani bila mtu kumkumbuka. Ni ombi dogo, na wanawake wengine wote hupewa bila kuomba.

Thailand imelichukua jambo hili kwa njia yake. Huko, ambako Preecha Tiewtranon na wenzake walianza upasuaji wa kubadili jinsia mwaka 1975, wengi wa kathoey, yaani watu waliozaliwa wakahesabiwa wanaume na wanaoishi kike, huanza kumeza vidonge vya homoni tangu ujana, hivyo wengine huufikia utu uzima mfupa ukiwa haujatokeza sana. Pua, taya na kidevu hutengenezwa katika kliniki zilezile wanakokwenda wanawake wengine na hata wanaume, na mtu haoni kwamba amevuka mpaka wowote wa kitabibu. Korea Kusini iko karibu na hapo: kupunguza taya ni upasuaji uliozoeleka kwa wanawake wa kila namna, na Harisu, mwanamke aliyebadili jinsia, alijulikana nchi nzima mwaka 2001 kwa tangazo la vipodozi ambamo kongomeo lilionekana shingoni mwake. Mwaka uliofuata alibadilishiwa jinsia kisheria. Lakini uso mzuri hauleti karatasi peke yake: Thailand ilipoanza kutumia sheria ya ndoa ya usawa Januari 2025, kathoey bado aliandikwa mwanamume katika kitambulisho.

Brazil inauma zaidi. Mwanaanthropolojia Don Kulick, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu travesti wa mji wa Salvador, watu waliozaliwa wakahesabiwa wanaume na wanaoishi kike, aliandika habari za silikoni ya viwandani inayopigwa mwilini kwa sindano na watu wasio madaktari, hasa nyonga na makalio, na mara nyingine mashavuni. Silikoni hiyo huhama, huvimbisha, huua. Na hayo yalitokea katika nchi ya Ivo Pitanguy, daktari aliyetetea kwamba maskini pia wana haki ya uzuri na kufungua wodi ya kuwahudumia Rio de Janeiro. Nikisoma habari hizo mbili pamoja siwezi kuwalaumu waliochomwa sindano vichochoroni. Haja ilikuwa ya kweli. Mlango wa hospitali haukuwa wao.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo linahusu kipimo. Uso gani hasa ndio wa kike? Ousterhout alianza na wastani wa mafuvu, na wastani haukai katika mwili wa mtu yeyote. Mwanamke wa Turkana, wa Korea na wa Ireland hawana paji moja wala kidevu kimoja, na wapo wanawake wengi, waliozaliwa wakahesabiwa wanawake na hawakuwahi kutiliwa shaka na mtu, wenye taya pana na nyusi zilizotokeza. Daktari akiliweka fuvu la Mzungu mbele yake kama kielelezo, mgonjwa Mwafrika anaweza kuamka akiwa na uso wa kike usiofanana na wa mama yake wala dada zake. Hiyo ni hasara kubwa kuliko inavyosemwa. Kwetu mtoto akizaliwa watu humwangalia usoni wamtafute bibi yake, na mwanamke anayetafuta kutambulika kuwa mwanamke hutafuta pia kutambulika kuwa binti wa watu fulani. Daktari mwangalifu, kwa maoni yangu, ni yule anayeomba picha za ndugu wa kike wa mgonjwa kabla ya kuomba picha za fuvu.

Pingamizi la pili, kwamba dunia ndiyo ibadilike na mfupa uachwe, ninalielewa, na wapo wanawake waliobadili jinsia wanaolishika kwa fahari na kubaki na nyuso zao. Wasilazimishwe na mtu. Ila halinitoshi kama hoja ya kumnyima mwingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 na Tiffany Ainsworth na Jeffrey Spiegel uliwauliza wanawake 247 waliobadili jinsia kuhusu hali zao. Wasiofanyiwa upasuaji wowote walikuwa na afya ya nafsi iliyo chini kuliko ya wanawake kwa jumla. Waliofanyiwa wa uso, au wa viungo vya uzazi, au wote, hawakuonyesha tofauti ya maana. Uchunguzi wa wakati mmoja hauwezi kuthibitisha kwamba kisu ndicho kilichowapa nafuu, maana mwenye fedha za upasuaji huwa na mengine mengi yanayomsaidia. Hata hivyo unaonyesha kwamba uso ulibeba uzito uliokaribia ule wa kiungo ambacho tiba na sheria zilikuwa zimekihangaikia kwa miongo.

Na sheria bado zinahangaikia kiungo hicho. Sheria ya Japani ya mwaka 2003 iliweka masharti matano kwa anayetaka kubadilishiwa jinsia kwenye daftari la familia: umri, kutokuwa na ndoa, kutokuwa na mtoto, kupoteza uwezo wa uzazi, na kuwa na viungo vya siri vinavyofanana na vya jinsia nyingine. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililifuta sharti la kupoteza uzazi kwa kuwa linakiuka katiba. Katika masharti yote matano uso hautajwi, ingawa karani anayelipokea ombi dirishani hataona kitu kingine chochote cha mwombaji. Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia, kwa sababu cheti cha zamani na mtu aliyekishika havikuoana, na mwajiri anayeona hivyo hufunga mazungumzo.

Mashirika ya bima nayo yametenganisha viungo vya uzazi na uso kwa mstari huohuo. Kwa miaka mingi nchini Marekani hata bima zilizokubali kulipia viungo vya uzazi ziliuita uso urembo. Mwongozo wa tiba uliotolewa mwaka 2022 na chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia umeutaja upasuaji wa uso miongoni mwa tiba zinazoweza kuwa za lazima, na baadhi ya bima zimefuata. Sehemu nyingi za dunia mgonjwa bado hulipa mwenyewe, makumi ya maelfu ya dola akienda Marekani, au pungufu ya hapo Bangkok. Asiyekuwa nazo hushusha ushungi au hukata nywele zifike kwenye nyusi, hunyoa mara mbili kwa siku, na huchagua saa ya kutoka.